"Linajulikana na nani?" Kutafuta vyanzo huru tunaposema gazeti haliegemei upande

Katika kazi yangu ya kumaliza mzunguko wa kwanza, ile tunayoiita TFC, kulikuwa na sentensi moja niliyoiandika bila kufikiri hata dakika. Ilikuwa kwenye ukurasa wa tano, pale nilipoeleza nimeitoa wapi korpusi yangu, yaani mkusanyiko wa matini niliyoichambua: "Gazeti hili linajulikana kuwa haliegemei upande wowote." Mwalimu aliyeniongoza alipita kurasa nne bila neno. Kwenye wa tano akalizungushia kalamu nyekundu neno "linajulikana", akanigeuzia karatasi, akauliza: "Mama, linajulikana na nani?"

Nilijibu kwamba kila mtu anajua. Akanyamaza. Sisi tuliopita mikononi mwake tunaelewa kunyamaza kule: nenda, urudi na jibu.

Jibu hilo nililitafuta kwa karibu majuma matatu, na sikulipata nilivyotaka. Naandika hapa nilichojifunza njiani, kwa sababu kila ninapofungua kazi zilizo kwenye rafu za kitivo chetu naikuta sentensi ile ile, imebadilishwa nguo tu: "gazeti linaloheshimika", "gazeti linaloaminika na wengi", "gazeti huru". Wengi wetu tunachukua korpusi magazetini kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Basi jambo hili linatuhusu, hata kama hatusomei uandishi wa habari.

Kwa nini mtu wa isimu ajali

Mada yangu ilikuwa vitenzi vya kuripoti maneno ya mtu: alisema, alieleza, alifafanua, alidai, alikiri. Korpusi ilikuwa kurasa za Kiswahili za gazeti dogo la mji wetu, ambalo silitaji kwa sababu kosa ninalosimulia ni langu. Niliona "alidai" ikijitokeza mahali ambapo ningetegemea "alisema". Nikahitimisha kwamba katika Kiswahili cha magazeti ya kwetu kitenzi dai kimepoteza ile maana ya kusema jambo lisilothibitishwa, kimekuwa sawa na sema. Nilipata hata sababu ya kukitetea. Huku kwetu dai hufanya kazi ya deni pia, "ananidai franka elfu tano", nikadhani wingi wa kazi ndio uliolegeza maana.

Hoja ilikuwa inavutia, lakini ilisimama kwa mguu mmoja: kwamba gazeti lenyewe halina upande. Kama mwandishi hana upande, "alidai" inayotokea popote inaweza kuhesabiwa kuwa tabia ya lugha. Kama anao, "alidai" inaweza kuwa tabia yake mwenyewe, anaiweka mdomoni mwa watu asiowaamini, na neno limebaki na maana yake ya zamani kabisa. Data ni ile ile. Kinachogeuka ni maana tutakayoiandika kwenye kamusi. Kwa hiyo ile sentensi ya ukurasa wa tano, niliyoiona kama salamu tu ya kuingilia, ndiyo iliyokuwa imebeba sura yangu yote ya tatu.

Kauli inayomficha mtenda

Tangu mwaka wa kwanza tumefundishwa tofauti kati ya "mlango umefunguliwa" na "mlango umefunguka". Sentensi ya kwanza ina kiti cha mtenda, hata kama hakuna aliyekikalia: unaweza kuuliza umefunguliwa na nani. Ya pili imekiondoa kiti. Julikana ni ndugu wa funguka, ingawa ni ndugu mkorofi, maana watu husema "anajulikana na wengi" na hakuna anayeshtuka. Hata hivyo sentensi yake inakaa vizuri bila hao wengi, na ndipo inapotudanganya. Ndivyo ilivyo kwa inasemekana, inaaminika, linaheshimika. Kiambishi kidogo, na shahidi ametoweka.

Nawapendekezea wenzangu zoezi hili kabla ya kwenda maktaba. Chukua kila sentensi ya namna hiyo katika kazi yako, uiandike upya kwa kitenzi cha kutenda, ukimtaja mtenda na mwaka: "Fulani, katika kitabu chake cha mwaka fulani, aliandika kwamba..." Ukishindwa kumjaza huyo fulani, huna chanzo. Mimi nilifanya zoezi hilo kwa sentensi kumi na moja za TFC yangu, na sitasema ni ngapi zilizobaki.

Unatafuta ushahidi wa nini hasa?

Kosa la pili ni kuchanganya maneno. Tunasema "huru", "halipendelei", "linaaminika" kana kwamba ni visawe. Uhuru ni habari ya mmiliki na fedha: nani anaweza kumfukuza mhariri? Kutoegemea upande ni habari ya yaliyochapishwa: pande zinazogombana zinapewa nafasi gani, na kwa maneno gani? Kuaminika ni habari ya usahihi: majina, tarehe na hesabu ni za kweli? Gazeti linaweza kuwa na moja na likakosa jingine, na chanzo kinachothibitisha moja hakithibitishi jingine.

Mfano ninaoupenda unatoka mbali, Boston, Marekani. Mwaka 1908 Mary Baker Eddy, mwanzilishi wa dhehebu la Christian Science, alianzisha gazeti The Christian Science Monitor akiwa na miaka 87. Mpaka leo ni mali ya kanisa lake, na jina la kanisa limo ndani ya jina la gazeti. Kwa kipimo cha umiliki halina uhuru wa kujivunia. Lakini limepata tuzo za Pulitzer saba, na watu wengi wa fani wamelisifu kwa utulivu wa habari zake za kimataifa. Angekuwa mwanafunzi wa kwetu angeandika: "Limepata Pulitzer saba, kwa hiyo haliegemei upande." Hapana. Tuzo ile hupewa kazi fulani ya mwaka fulani, habari au mfululizo wa habari au katuni. Inathibitisha kwamba kazi hiyo ilionekana bora. Juu ya kutoegemea upande kwa gazeti zima, miaka yote, haisemi kitu.

Mfano wa upande wa pili uko karibu zaidi, kwa jirani zetu wa Tanzania. Tarehe 5 Februari 1970 serikali ililitaifisha gazeti la The Standard, lililokuwa mikononi mwa kampuni ya Lonrho. Rais Nyerere mwenyewe akawa mhariri mkuu, na kazi ya kila siku akapewa Frene Ginwala wa Afrika Kusini. Siku hiyo Nyerere alieleza kwamba gazeti litaunga mkono siasa ya serikali kwa jumla, lakini litakuwa huru kujadili na kukosoa. Maneno hayo ni chanzo bora, lakini ni chanzo cha nini? Cha nia ya mmiliki. Anayetaka kujua nia hiyo ilifika wapi atasoma yaliyofuata: mwaka 1971 gazeti lilichapa tahariri ya kumshutumu Rais Nimeiry wa Sudan, na Ginwala akaondolewa. Mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist, gazeti la chama, likawa Daily News. Tukio moja la namna hiyo lina uzito kuliko ahadi kumi, kwa sababu linaonyesha mpaka ulikuwa wapi gazeti lilipougusa.

Mwamba ngoma, wahenga walisema, ngozi huivutia kwake. Maneno yaliyo chini ya jina la gazeti, tahariri ya toleo la kwanza, hotuba ya mkurugenzi siku ya kuadhimisha miaka ishirini: yote haya yataje ukipenda, lakini useme "gazeti linajieleza kuwa...". Kirejeshi ji kinakuwa shahidi mwaminifu hapo.

Vyanzo vitano vilivyokuwa kimoja

Nirudi kwenye majuma yangu matatu. Baada ya la kwanza nilikuwa na furaha, maana nilipata maandishi matano yaliyosema gazeti langu haliegemei upande: TFC mbili za zamani, kijitabu cha mkutano, makala ya gazeti jingine, na ukurasa mmoja wa intaneti. Vyanzo vitano! Nani angeuliza tena linajulikana na nani?

Jioni moja nilivipanga vyote mezani, nikaona jambo dogo. Katika vyote vitano jina la mwanzilishi wa gazeti lilikuwa limekosewa herufi moja, ile ile. Nilikwenda kwenye gazeti lenyewe, nikakuta kosa lile katika tangazo la kujitambulisha walilolichapa miaka mingi nyuma. Kumbe wote walinakili hapo, mmoja moja kwa moja, wengine kwa kupitia wenzao, na pamoja na herufi mbovu walinakili pia sifa.

Tuliosoma uhakiki wa matini tunaifahamu njia hii. Karl Lachmann, Mjerumani wa karne ya 19, ndiye jina lake hutajwa tunapofundishwa kwamba nakala mbili zenye kosa moja la pekee zina mzazi mmoja. Usahihi wa pamoja hauthibitishi ukoo, kwa sababu watu wawili wanaweza kuandika ukweli mmoja bila kujuana. Kosa la pamoja ndilo linalosema. Tumezoea kuitumia njia hiyo kwa hati za kale na tenzi, lakini inafaa sana kwa habari za jana. Ukiwa na vyanzo vingi vinavyokubaliana, usihesabu kwanza. Tafuta makosa yao, tafuta vishazi vinavyofanana neno kwa neno, tafuta mahali ambapo wote wameruka jambo lile lile. Mimi nilibaki na chanzo kimoja, nacho kilikuwa gazeti lenyewe likijisifu.

Kwetu Kongo kuna sababu nyingine ya kuwa macho: desturi ya «coupage». Anayeandaa mkutano na waandishi huwapa "usafiri", na kesho yake magazeti kadhaa yanatoka na habari zinazofanana kama mapacha. Siiandiki kwa kuwalaumu waandishi. Mshahara wao, pale ambapo upo, tunaujua. Lakini kwa mtafiti, habari kumi zilizolipiwa usafiri na mtu mmoja ni sauti ya mtu huyo mmoja. Wale wanaosimama asubuhi mbele ya meza za magazeti, wasomaji wa vichwa vya habari tunaowaita wabunge wa kusimama, wanalijua hili kuliko sisi wa chuo. Wasikilize wanavyobishana: wa kwanza anasoma kichwa cha habari, wa pili anauliza "hiyo ni ya nani?"

Nani ana uzi na nani

Tukisema chanzo ni huru, tunamaanisha hakina uzi unaokifunga na gazeti linalozungumzwa. Si lazima uzi uwe wa fedha, wala si lazima mtu awe mwongo. Uzi upo au haupo, na msomaji ana haki ya kuuona.

Chukua Kinshasa. Gazeti la Le Potentiel lilianzishwa mwaka 1982 na Modeste Mutinga. Mwaka 2000 Kamati ya Kulinda Wanahabari (CPJ), yenye makao New York, ilimpa tuzo yake ya kimataifa ya uhuru wa habari. Wakati wa mpito, kuanzia mwaka 2003, aliongoza Mamlaka Kuu ya Vyombo vya Habari (HAM), chombo kilichotokana na mapatano ya Sun City ili kusimamia redio, televisheni na magazeti. Mwaka 2007 akawa seneta. Haya yote ni mambo ya wazi, na hakuna hata moja lililo aibu. Sasa jiulize kama mtafiti: je, tuzo ya CPJ ni ushahidi kwamba Le Potentiel haliegemei upande? Hapana, ni ushahidi wa ujasiri wa mtu aliyefanya kazi ya habari katika hatari. Je, maneno ya HAM ya miaka ile kuhusu Le Potentiel, yawe ya sifa au ya kukaripia, ni ya chanzo huru? Huwezi kuyaita hivyo bila kumwambia msomaji ni nani aliyekuwa kwenye kiti. Na maneno ya HAM kuhusu magazeti yanayoshindana nalo? Hapo pia uzi upo. Huenda uamuzi ulikuwa wa haki kabisa. Wewe uutaje, uutaje na uzi wake, uende mbele.

Msimamizi mwenyewe anaweza kuvutwa ndani ya ugomvi. Tarehe 27 Julai 2006, siku ya mkutano wa kampeni wa Jean-Pierre Bemba mjini Kinshasa, ofisi za HAM ziliporwa. Anayetumia ripoti za chombo hicho za mwaka ule asome na tarehe hiyo kando.

Gazeti mshindani nalo ni shahidi mwenye uzi, ila kuna namna moja ya kumtumia: pale anaposema kinyume na faida yake. Mshindani anayekiri kwamba wenzake waliripoti kwa haki, au mwanachama anayekiri kwamba gazeti la chama chake lilimwonea mpinzani, huyo msikilize. Ushahidi wa namna hiyo ni adimu kama mvua ya Agosti hapa Lubumbashi, lakini ukiupata ni wa thamani.

Ni wapi basi pa kutafuta? Kwa nchi yetu, kazi za watafiti wa vyombo vya habari ndizo za kuanzia. Marie-Soleil Frère, aliyefundisha Université libre de Bruxelles, alitumia miaka mingi kuchunguza vyombo vya habari vya Afrika ya Kati, na kitabu chake cha 2005 juu ya vyombo hivyo na migogoro kinafaa kusomwa na kila anayechukua korpusi kwenye magazeti ya ukanda huu. Zipo pia ripoti za waangalizi wa uchaguzi. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya wa 2006 na ule wa 2011 ulipima vyombo vya habari viliwapa wagombea nafasi kiasi gani. Hicho ni kipimo, si sifa, na ndiyo nguvu yake. Udhaifu wake ni kwamba kinahusu majuma ya kampeni tu, na kwamba nafasi si sauti: mgombea anaweza kupewa ukurasa mzima wa kutukanwa. Journaliste en danger, shirika lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1998, lina kumbukumbu za waandishi waliokamatwa na magazeti yaliyofungwa. Hizo, kama orodha ya nchi inayotolewa na Waandishi Wasio na Mipaka, zinazungumzia uhuru wa habari. Nimeona kazi inayotumia orodha hiyo kuthibitisha kwamba gazeti fulani ni la haki. Ni sawa na kupima homa kwa rula.

TFC za wenzetu waliotutangulia je? Tuzitaje, kwa kuwa zimepita mbele ya juri, lakini baada ya kuona wao walitoa wapi. Hadithi ya herufi moja nimeshaisimulia.

Sentensi iliyobaki

Kwa gazeti langu dogo sikupata mtafiti aliyeliandika wala mwangalizi aliyelipima. Hapo nilikuwa na njia mbili, kulitupa au kulipima mwenyewe. Nilichukua upya kadi zangu zote za "alisema" na "alidai", nikazipanga kwa jambo ambalo sikuwa nimelitazama mwanzoni: nani anayezungumza. Haikuchukua siku mbili. Wenye vyeo walikuwa wanasema, wanaeleza, wanafafanua. Waliokuwa wanagombana nao, wakiwemo wachimbaji wadogo na wazazi wa wanafunzi, ndio waliokuwa wanadai. Maana ya dai haikuwa imelegea hata kidogo, ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Sura ya tatu ikaandikwa upya, na ikawa fupi.

Mbele ya juri ukurasa wa tano ulisomeka hivi: "Hatukupata chanzo kisicho na uhusiano na gazeti hili kinachoeleza msimamo wake. Katika matoleo tuliyoyasoma, vitenzi vya kuripoti vinagawanyika kufuatana na cheo cha msemaji, kama inavyoonyeshwa katika sura ya tatu." Mjumbe mmoja wa juri akataka kujua kuhusu matoleo ambayo sikuyasoma, maana kulikuwa na miezi mizima isiyokuwepo. Nikajibu kwamba hata kwenye ofisi ya gazeti hayakuwepo, na kwamba mama mmoja anayeuza bitumbula karibu na hapo aliniambia alikuwa akiyanunua kwa kilo kwa ajili ya kufungia. Juri ikacheka. Mwalimu wangu hakucheka, alichukua kalamu akaandika pembeni: "Liongezwe." Liliongezwa, na mama yule nikamtaja kuwa chanzo, kwa kazi yake na siku tuliyozungumza.